Mkono wa Jaji

4 Machi

Mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma, yaani wewe na wenzako wa kambini, kwamba leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi kumi na wanane na kamera moja, dada yako ameteuliwa kuwa basi. Uteuzi huu unaanza mara moja. Nilipiga honi, nikapakia abiria watatu ambao hakuna aliyefika miaka mitano, nikatambaa kutoka kabati la vitabu hadi mlangoni. Kituo cha mwisho goti langu la kulia lilitoa mlio, na abiria wakashangilia wakidhani ni breki.

Hii ndiyo ile kozi niliyokuambia kabla hujaondoka. Wiki sita. Tuko walimu wa chekechea, manesi wawili wa kliniki ya watoto, na baba mmoja mnene wa ustawi wa jamii ambaye jana alipewa kuwa mtoto mchanga akalia vizuri kuliko sisi wote. Tunafundishwa namna ya kuwasaidia watoto wadogo kuigiza: kijiti kiwe kijiko, boksi liwe gari, mwalimu awe basi. Siku ya kwanza niliropoka, "Hivi mtoto naye anafundishwa kucheza?" Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, akanijibu kwamba wengi hawahitaji, ila wapo wanaosimama mlangoni mwa mchezo wakiwa hawajui waingilie wapi, na kazi yetu ni kuwafungulia. Nilikuwa namfikiria binti yako.

Sheria ni tatu. Shuka sakafuni. Subiri mtoto aanze. Na ya tatu imebandikwa ukutani kwa wino mwekundu: USIVUNJE MCHEZO. Mtoto akisema wewe ni basi, basi ni wewe. Husimami kupokea simu, humsahihishi, humkatizi kwa lolote. Mazoezi yanafanyika darasani kwangu, mara moja kwa wiki kila mmoja anarekodiwa, halafu tunakaa kuangalia makosa yake. Mimi wiki hii nimeonekana zaidi kwa nyuma. Sitasema zaidi.

Binti yako, Jaji, hajambo. Jina hilo sasa limeenea shule nzima, kwa sababu ya ule mtazamo wake, kama vile sote tumeletwa mbele yake kwa kosa la wizi. Anakula, analala, anapanga vikombe kwa mstari. Najua unataka kuuliza nini. Bado hajaigiza kitu. Lakini daktari alisema tumpe miezi mitatu, na ndiyo kwanza wiki ya pili.

Dada yako,
Basi


12 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imekuja na lori la vifaa. Nimeisomea stoo, juu ya maboksi ya nati, nimecheka mpaka wapanda nguzo za umeme wakaja kuchungulia. Halafu nimeisoma mara ya pili na sikucheka.

Dada, nakujua. Wewe ukiogopa unachekesha. Baba alipolazwa uliniandikia wiki tatu mfululizo habari za paka wa jirani, nikafika nyumbani nikakuta Baba wameshamzika. Sikulaumu. Ila safari hii ni mtoto wangu, na huku simu hazishiki kabisa. Kilima tunachowekea nguzo ndicho kinachotuziba. Kuna redio ya kambi, ya dharura tu. Ukienda ofisi ya kampuni hapo mjini wananipata siku hiyo hiyo. Niahidi utaitumia.

Kila nikifumba macho naona kile kikombe cha kliniki. Unakumbuka? Daktari akamwekea mwanasesere na kikombe kitupu, akamwambia, "Mpe mtoto chai." Jaji akachungulia ndani ya kikombe, akaona hamna kitu, akakirudisha mezani. Mimi mama yake nikajisifu moyoni, mtoto wangu ana akili, si hamna chai? Daktari akaandika kwenye kadi. Sasa naogopa ile kadi kuliko kitu chochote. Naogopa watoto wenzake watakuwa wanacheza upande mmoja na yeye upande wa pili, maisha yake yote, akipanga vikombe.

Jambo lingine, lisome kwa makini. Mwaka jana alipata degedege la homa mara mbili. Yeye halii. Kwanza anakuwa kimya, macho yanaenda mbali, ndipo linakuja. Akipata joto usisubiri: mvue nguo, mkimbize hospitali.

Na kila barua nichoree mkono wake. Mlaze kiganja kwenye karatasi, upitishe kalamu pembeni ya vidole. Nataka kuweka wangu juu yake.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini. Umekaa? Jaji amenywesha kiatu chai.

Nakueleza kama ilivyokuwa, hamna chumvi. Mama Jiko, mpishi wetu wa shule, aliingia darasani kuchukua vikombe vya asubuhi. Jaji alikuwa chini na vikombe vyake kwenye mstari. Akachukua kimoja. Akachungulia ndani. Nikasema moyoni, yale yale. Kisha akakiinamisha taratibu kwenye ncha ya kiatu cha Mama Jiko na kukiambia, "Kunywa."

Mama Jiko akaganda na trei mikononi. "Mwalimu," akaninong'oneza, "huyu anakipa kiatu changu chai, na mwenye kiatu tangu alfajiri sijapata hata maji!"

Nikashuka sakafuni, magoti yakalalamika, nikakiuliza kiatu kama chai ina sukari. Jaji akaniangalia vile anavyoangalia watu. Akasema, "Moto. Subiri." Na mdogo wangu, tukasubiri. Mimi, Mama Jiko na kiatu, chai ambayo haipo ikapoa, na hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu. Machozi yalinitoka, lakini mchezo sikuuvunja.

Sasa amehamia kuangalia kona ya hospitali. Ni mkeka, blanketi dogo, chupa tupu na kijiko cha mti. Wenzake wanalala pale kuwa wagonjwa, wengine madaktari, wanatoana matumbo na kushonana. Jaji anasimama hatua mbili nje ya mkeka. Haingii, haondoki. Mkufunzi anasema yuko mlangoni.

Habari ya degedege nimeisoma mara tatu. Barua yako naitembeza kwenye mfuko wa aproni, karibu na chaki. Mkono huu hapa, wa kulia. Alitulia kama anayeweka dole gumba kwenye hati ya kiwanja.

Dada yako


27 Machi

Dada, shikamoo, na shikamoo tena.

Nimelia mbele ya watu wazima. Msimamizi akadhani nimefiwa. Nilipomweleza, akatoka nje akawatangazia mafundi, na saa ya mapumziko nikawakuta wanaume saba, wenye mikanda ya kupandia nguzo viunoni, wananywesha mabuti yao chai. Mmoja anagombeza buti lake: "Wewe pole pole, utapaliwa!"

Mkono nimeubandika ukutani kitandani kwangu. Naweka wangu juu yake kabla ya kwenda stoo.

Lakini naogopa, Dada. Nilizoea kuogopa kwamba haitatokea. Sasa imetokea mara moja, naogopa itakatika. Nakuomba kitu kimoja: akiingia kwenye ile kona, mwachie. Usiruhusu mtu amkatize. Hata kama ni Mkufunzi mwenyewe.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Taarifa kwa vyombo vyote vya habari: ufagio wa darasa langu umepotea. Uchunguzi unaendelea. Mtuhumiwa wa kwanza ni baba wa ustawi wa jamii, aliyeonekana akiupanda kama farasi. Mtuhumiwa wa pili ni mimi, kwa sababu kila kinachopotea hapa hukutwa kwenye mkoba wangu, na mwezi jana humo humo lilikutwa sikio la sungura wa kitambaa.

Kozi ni nzuri. Nimepata tisa kati ya kumi, hebu fikiria, mimi niliyerudia darasa la sita! Goti limepata jina, linaitwa Breki. Nesi mmoja amejifunza kuwa mti, anasimama vizuri mno hata tukamsahau darasani wakati wa chai. Mama Jiko anasalimu. Mkufunzi anasalimu. Paka wa jirani amezaa wanne, mmoja ana sura ya mjomba, na masharubu yale yale.

Jaji yupo. Amelala sasa hivi, mchana huu, ninapoandika, ndiyo maana naandika kwa kifupi, nisimwamshe. Amekuwa akilala sana siku hizi, watoto hukua wakilala. Mkono wake huu hapa kama ulivyoagiza.

Usiwe na wasiwasi. Kula vizuri. Vaa kofia ile ngumu hata stoo, nati zikidondoka hazichagui kichwa cha karani.

Dada yako,
mtuhumiwa wa pili


11 Aprili

Dada,

Paka wa jirani.

Umeniandikia habari za paka wa jirani.

Mimi ni karani wa stoo. Kazi yangu ni kuangalia kitu kilichoandikwa na kitu kilichopo, na kuona tofauti. Mkono wa kwanza dole gumba lilikuwa kushoto. Huu liko kulia. Umechora mkono wa kushoto. Karatasi ina vitobo kuzunguka vidole vyote, maana yake haikuwekwa mezani, iliwekwa juu ya kitu laini. Na mtoto mwenyewe hukuandika amecheka nini, amesema nini, amekula nini. Umeandika "yupo".

Mkono wa kulia una nini?

Kwa nini alikuwa amelala mchana?

Nimemwomba msimamizi redio. Iliharibika tangu mvua ya Jumatatu, fundi hajaja. Kwa hiyo sina njia ila lori hili. Likirudi bila jibu la kweli naacha funguo za stoo mezani na ninapanda nalo. Usinichekeshe, Dada. Naomba tafadhali.

Yuko hai?


15 Aprili

Mdogo wangu,

Yuko hai. Yuko nyumbani, amekula, amekaa dirishani anakuangalizia barabara. Sasa nakueleza yote, na ukimaliza kusoma una haki ya kunifanya lolote.

Ilikuwa tarehe mbili. Asubuhi alikataa mkate. Nikasema ananuna. Sikumgusa paji la uso. Nilikuwa natafuta aproni safi kwa ajili ya kamera.

Saa nne watoto walikuwa wanacheza hospitali. Kamera imewashwa, Mkufunzi amekaa nyuma na fomu yake. Jaji alikuwa amesimama mahali pake, hatua mbili nje ya mkeka. Kisha akatembea. Akaingia kwenye mkeka peke yake, akalala chali, macho nusu. Mdogo wangu, moyo wangu uliruka. Nikamwona Mkufunzi ameshika kalamu amesimama. Nikasema leo ndiyo leo, ameingia.

Nikashuka sakafuni. "Mgonjwa, unaumwa wapi?" Hakujibu. "Huyu mahututi!" nikasema, na watoto wakacheka. Nikampa dawa kwa kijiko cha mti. Hakufungua mdomo, nikasifu, nikaona ni mgonjwa mkaidi. Nikamshika shingo.

Hapa ndipo penyewe. Niliposhika shingo nilisikia joto. Nililisikia, mdogo wangu. Ngozi ilikuwa inaunguza. Nikasema, kwa ile sauti nene ya daktari wa kuigiza, "Nesi! Homa kali sana hii, lete maji!" Nilisema kweli tupu kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwa sababu nilisema kwa sauti ya mchezo, sikujisikia. Mtoto mmoja akaleta chupa tupu. Tukamwogesha kwa maji ambayo hayapo.

Kisha mkono wake ukaanza kurukaruka. Nikasema, "Mgonjwa anasikia baridi," nikamfunika blanketi. Uliniandikia nimvue nguo. Mimi nikamfunika. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Kwenye video kona ya karatasi inaonekana, kila nikiinama inachungulia.

Mama Jiko aliingia kuchukua vikombe. Akasimama. "Mwalimu, huyo mtoto anaumwa."

"Mahututi," nikamjibu, na nikamkonyeza.

Nilimkonyeza.

"Mwalimu wewe! Anaumwa kweli!" Akatupa trei, vikombe vikatawanyika, akanisukuma nikaanguka kiubavu, akamnyakua Jaji na kumvua nguo huku anakimbia. Baba wa ustawi wa jamii, yule tunayemcheka, alikuwa ameshawasha gari. Degedege lilimkamata njia nzima. Nilikuwa nimeshika miguu yake, na midomo yake ikawa rangi ambayo sitaki kuiandika. Hospitali walimchoma dawa, likaachia. Ndani ya sikio kulikuwa kumejaa usaha, na hata hilo hakulilia. Akalazwa siku nne. Dripu iliingia mkono wa kulia. Wa kushoto niliuchora juu ya godoro, ndiyo vile vitobo. Alikuwa hajafumbua macho vizuri tangu juzi yake, na mimi nikakaa pale nikakuandikia habari za ufagio.

Redio. Nilikwenda ofisini kwenu siku ile ile, jioni. Dada wa redio akavaa vile vya masikioni akaniuliza, "Ujumbe?" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mwambie dada yake anamsalimu." Akaniambia redio si ya salamu, mama. Nikasema samahani, nikaondoka. Niliogopa kwamba nikikuambia utaniuliza ilichukua muda gani kabla sijagundua, na nilikuwa sijui.

Sasa najua, kwa sababu niliomba kuiangalia video. Kuanzia alipolala mkekani hadi Mama Jiko alipotupa trei ni dakika kumi na moja. Zile alama tisa ni za kweli. Mkufunzi alikuwa ameshaziandika, na pembeni ameongeza, "Amefuata vizuri sana mchezo wa mtoto." Alikuja nayo hospitali ile fomu, akaniwekea mapajani, akasema, "Na mimi niliona yote, mwalimu. Nilikuwa natazama na kuandika."

Alitaka kuifuta video. Nikamwomba aioneshe kwa wote. Ilioneshwa, nilikuwepo, nilikaa mbele. Nesi aliyekuwa mti alitoka nje kutapika. Ile karatasi ya wino mwekundu bado iko ukutani, lakini chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya kawaida: mshike kwanza. Nadhani ni Mama Jiko, herufi zina mafuta.

Daktari amempima kila kitu. Anasikia, anaona, anatembea, anakumbuka majina. Tatizo lilikuwa moja ambalo daktari halipimi. Tangu arudi alikuwa hachezi. Wiki nzima na zaidi, vikombe kwa mstari. Kona ya hospitali haisogelei. Nilikuwa nalala naamka na hilo: kwamba aliingia mlangoni siku moja tu, akatukuta sisi, na hatarudi tena. Ukiniuliza kwa nini sijakuandikia ukweli mpaka leo, hilo ni jibu. Nilikuwa nasubiri nipate kitu cha kukupa pamoja na ubaya wangu. Ni ujinga. Ungekuja ungemshika wewe.

Barua yako ya tarehe kumi na moja imefika jana asubuhi. Niliisoma darasani nimesimama, watoto wako nje. Jaji alikuwa amebaki na mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akanivuta aproni mpaka kwenye mkeka, akanisukuma.

"Lala," akasema.

Nikalala. Breki likalia, hakujali. Akapiga magoti, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyemfundisha, kwenye kozi wala nje ya kozi.

"Kweli au mchezo?"

Nikasema, "Mchezo, mwanangu."

Akaniangalia. Unaijua ile sura. Nilijiona niko kizimbani, na hakimu hajaridhika. Akasimama, akatoka, nikamsikia anatembea koridoni hadi jikoni, na sauti yake: "Njoo. Mama Mkubwa anasema mchezo."

Mama Jiko akaja na mikono imelowa, Jaji nyuma yake kamshika sketi. Akainama, akanishika shingo kwa ule mkono wa baridi. "Haya mwalimu, una nini?"

Nilikuwa nalia kama yule baba wa ustawi wa jamii alipokuwa mtoto mchanga, ila mimi sikuwa naigiza.

Jaji akanichungulia usoni kama alivyochungulia kile kikombe cha kliniki. Akamgeukia Mama Jiko.

"Kweli," akasema.

Panda lori, mdogo wangu. Mkono wa kulia umo ndani ya bahasha, ile alama niliyoichora nyuma ya kidole cha kati ni ya sindano ya dripu.

Dada yako